Hadithi za Theluji: Mwaka Mmoja Bila Mama Célina Sabadis

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya tarehe tisa Novemba uliposema miguu inapata baridi, ukaomba soksi nzito za Rosaire, na kabla hajarudi nazo ukawa umeshaondoka. Wenzetu wakifikia siku kama hii huandika kwamba machozi yamekauka na majonzi yamegeuka shukrani. Hongera zao. Sisi yetu hayajageuka kitu. Tumekaa na donge kooni mwaka mzima, tumeona afadhali tuliteme hapa gazetini, walisome waliokujua na wasiokujua.

Miaka ishirini na miwili ulikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya magome, katika makumbusho ya kijiji cha kale pale ukingoni mwa mto Kwenitegw, ili wageni waone Waabenaki, wenyeji wa kwanza wa nchi hii, walivyoishi. Walivyoishi! Ndivyo kibao cha getini kilivyosema, na kila Mei uliwaambia wakibadilishe, na kila Mei walikipaka rangi upya maneno yakiwa yale yale. Uligonga gogo kwa kisogo cha shoka mpaka likaachia tepe zake moja moja, ukazikwangua, ukazisuka kikapu, ukamalizia ukingo kwa nyasi za kunukia. Mkono ulikuwa mwepesi na mdomo haukupitwa.

"Bibi, watu wa kabila hili walitoweka lini?" aliwahi kukuuliza bwana mmoja mwenye kamera.

"Ngoja nimalize chai hii nitoweke," ukamjibu, wala hukuinua macho.

Mwingine akataka kujua kama kweli unalala mle ndani juu ya matawi. Ukamwambia unalala kwako, kwenye godoro, na blanketi la umeme juu, na kama ana wivu aseme. Mkurugenzi, Bwana Thayer, alikuomba uvue miwani kwa sababu watu wa zama hizo hawakuwa na miwani. Ukasema basi nao walijikata vidole, wewe vyako unavihitaji. Miwani ikabaki. Redio nayo ikabaki, chini ya ngozi ya kulungu mkubwa wa misitu ya kaskazini, ikitangaza besiboli kwa sauti ndogo, na timu yako ikifungwa wageni walidhani unaimba nyimbo za maombolezo ya kale.

Tunacheka tukiyakumbuka haya, halafu kicheko kinakatika njiani.

Jambo moja hukulifanyia mzaha. Hadithi. Za Azban yule mnyama rakuni mlafi, za Dubu, za majitu ya barafu: hizo zilikuwa za theluji tu. Theluji ikishika chini, ruhusa. Maji ya miti ya sukari yakianza kudondoka Machi, unafunga kinywa. Ulisema kiangazi ni cha kazi, na hadithi zina nguvu. Ukizisimulia wakati huo mahindi yatasahau kukua, nyoka watakuja kusikiliza mlangoni, na watu watakaa tu kama mizigo. Ulivyopewa na mama yako kule Odanak, kijiji chetu cha asili, ndivyo ulivyozishika.

Sasa makumbusho yenyewe hufunguliwa Mei na kufungwa mwisho wa Oktoba, wageni wanapopenda kutembea. Kila mgeni akitaka hadithi ulimtazama juu ya miwani: "Unaona theluji?" Hapana, bibi. "Basi shika tepe hii unisaidie." Watu wazima, na saa zao za dhahabu, waliondoka pale wamesuka vikapu vilivyopinda na hadithi hawakupata. Bwana Thayer alikuomba kila Juni. Ulimkatalia kila Juni. Alikuita mbishi na ukasema asante.

Hapa lazima tujiseme na sisi wenyewe. Theluji ya kwanza ikishika, ulitupigia simu, mmoja baada ya mwingine. "Imeshika! Njooni." Hukusema kingine. Rosaire ndiye anayeendesha gari la kukwangua theluji barabarani, kwa hiyo siku yako ndiyo siku yake ya kazi, akasema kesho. Odette, kifungua mimba wako, wakati wa baridi yuko zamu kwenye nyumba ya wazee, akasema Jumapili. Wajukuu walisema watakuja wakimaliza mtihani. Mtihani gani huo usiokwisha miaka yote? Ulipika supu ya mahindi chungu kizima, na kesho yake ukaigandisha kwenye vibakuli. Mama mdogo Imelda, mdogo wako, ndiye aliyetueleza baada ya mazishi kwamba ulimwambia, "Imelda, nimechoka kumhadithia paka."

Ndiyo maana Februari ya mwaka juzi ulipokubali kinasa sauti, hatukupaswa kushangaa. Walikuja vijana wawili wa makumbusho na Bwana Thayer mwenyewe, theluji ikiwa imefika madirishani. Mchana wa siku tatu ulisimulia, hadithi tisa, mwanzo hadi mwisho. Odette alikuwepo, kwa sababu naye miaka hiyo alikuwa akifanya kazi pale makumbusho kila kiangazi, upande wa jiko la nje na ngozi. Alikuwepo, lakini alikuwa jikoni kwako akiwapikia wageni, akiingia na kutoka na birika.

Ulipomaliza ulimwelekezea Bwana Thayer kidole. "Zisikilizwe theluji ikiwa chini tu. Umenielewa?"

"Bila shaka, Bi. Célina. Bila shaka kabisa."

Akatoa karatasi. Macho yako yalikuwa yamechoka, ukampa Odette aisome. Ukamwuliza, "Ya theluji yameandikwa?"

Odette alikuwa ameisoma yote. Hayakuwemo. Yalikuwemo "matumizi ya elimu kwa umma" na "wakati wowote", na theluji hata herufi moja. Akainua kichwa, akamwona Bwana Thayer amesimama na koti mkononi, yule yule aliyemwambia wiki iliyopita kwamba kuanzia Mei atakuwa msimamizi wa kijiji kizima. Akasema, "Yote yamo, Mama. Weka sahihi."

Ukaweka.

Odette ndiye aliyetaka hili liandikwe hapa, kwa jina lake, bila kupunguzwa. Rosaire alimwambia, "Dada, mambo haya ni ya ndani." Akajibu, "Mama alidanganywa mbele za watu, basi nami niombe radhi mbele za watu." Tumeliandika.

Ulipofariki Bwana Thayer alikuja na shada, akalia kwa sauti, mpaka Mama mdogo Imelda akampa leso. Tulimwona mtu mwema. Baridi ile yote tulikuwa na msiba na hakuna aliyeuliza habari za hadithi.

Mei makumbusho yakafunguliwa. Odette alifika asubuhi ya kwanza na ufunguo wake wa usimamizi, akakuta kigoda chako kimezungushiwa kamba, picha yako kwenye nguzo, na chini ya picha kitufe chekundu. Alidhani ni cha taa. Basi la kwanza likashusha watu, mama mmoja mwenye aiskrimu akabonyeza kwa kiwiko, na kutoka ndani ya nyumba ya magome ukakohoa.

Kile kikohozi chako, Mama, cha kusafisha koo. Halafu, "Haya, sogeeni." Odette akakaa chini palepale kwenye nyasi. Jua lilikuwa linawaka, nyuki wako kazini, na wewe unasimulia majitu ya barafu. Mama wa aiskrimu alisikiliza kidogo, akasema, "Ina urefu, eh?" akaondoka. Mwingine akabonyeza tena, ukaanza upya. Watoto waligundua kwamba wakibonyeza haraka haraka utakohoa tu, kohoo, kohoo, kohoo, wakacheka mpaka wakaviringika.

Mchana alimfuata Bwana Thayer ofisini.

"Ulimwahidi," akamwambia. "Alikuonyesha kidole."

"Odette, najua una uchungu. Lakini watu wanampenda! Ni heshima kwake."

"Heshima gani? Theluji iko wapi?"

"Januari tumefunga. Nani amsikilize, kunguru?" Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi, akaiweka mbele yake taratibu, kama mtu asiyetaka ugomvi. "Wewe mwenyewe ulimsomea. Unataka niite mashahidi? Shahidi ni wewe."

Odette alirudi kazini.

Jumapili ile tulikutana kwa Mama mdogo Imelda. Rosaire alipiga meza. "Ningekuwa mimi, hicho kitufe kingekuwa mtoni sasa hivi."

"Mto hauko mbali," akasema Mama mdogo. "Viatu vyako viko mlangoni."

Rosaire akaivuta miguu chini ya kiti. Mama mdogo akamgeukia Odette. "Na wewe, mwanangu, unazisikia siku nzima?"

"Siku nzima."

"Basi ziba masikio. Sisi angalau tusishiriki."

Tukaona ni neno la busara. Tukaapiana palepale: hakuna hata mmoja wa ukoo huu atakayezisikiliza hadithi zako kiangazi. Odette akanunua zile nta za waogeleaji, akazitia masikioni kila asubuhi kabla geti halijafunguliwa. Mei, Juni, Julai. Wageni wakimwuliza kitu aliangalia midomo yao. Walimdhania kiziwi, mmoja akampongeza kwa kufanya kazi katika hali yake. Ulizungumza hatua kumi kutoka kwake, mara arobaini kwa siku, na alijizuia asikusikie. Siku moja tu alizitoa, mapema Juni, hakujafika mtu. Alibonyeza mwenyewe. Ulipokohoa alikaa kwenye gogo, ulipofika kwenye "haya, sogeeni" alikumbuka kiapo, akakimbilia choo cha wafanyakazi akalia huko mpaka ukamaliza. Anasema alitamani usimalize, na alitamani ukome, vyote pamoja.

Agosti ikamshinda. Alhamisi moja alizitoa nta, akazitupa kwenye moto wa supu, akaenda kusimama mbele ya kitufe na mgongo wake juu yake. Wageni wakaja.

"Samahani, tunataka kumsikia bibi."

"Mnaona theluji?"

"Theluji? Agosti?"

"Basi bibi hasemi. Shikeni tepe hii mnisaidie."

Nasi tunaapa, Mama, wengine walishika. Alisimama hivyo Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, tangu geti kufunguliwa hadi kufungwa, bila kula mchana. Mama mdogo Imelda alikuja na kiti chake cha kukunja na mkate wa kukaanga wenye shira ya mti wa sukari, akakaa pembeni akiwasalimia wageni mmoja mmoja: "Kwai, kwai, karibuni, leo hakuna kitu." Jumamosi alasiri Bwana Thayer alitoka, amewiva uso.

"Unataka nini, Odette?"

"Nilichotakiwa kukidai kule jikoni kwa Mama. Iandikwe."

Safari hii Odette aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, wala hakuharakishwa na mtu. Aliandika kwamba hadithi tisa za Célina Sabadis zisisikilizwe na mtu yeyote, mahali popote, wakati hakuna theluji chini. Alisoma kila neno kwa sauti mara mbili. Bwana Thayer akatia sahihi, Odette akatia sahihi, Mama mdogo akashuhudia. Kitufe kikang'olewa Jumatatu. Cheo cha usimamizi nacho kikang'olewa wiki hiyo hiyo, kwa barua yenye maneno matamu, na Odette hakukililia. Tulirudi nyumbani tunapiga honi mtaa mzima kama watu wa harusi. Rosaire alichinja jogoo wawili.

Septemba tukaomba nakala ya kanda, ili theluji ikishika tukae tukusikilize kwa raha zetu. Jibu likaja kwa posta. Bwana Thayer alisema kwamba kanda ni mali ya makumbusho na haitoki. Lakini familia inakaribishwa kwa moyo mkunjufu kusikiliza katika chumba cha kumbukumbu, kwa kuzingatia masharti ambayo familia yenyewe iliyaweka. Saa za chumba cha kumbukumbu ni Jumanne hadi Jumamosi, tarehe moja Mei hadi thelathini na moja Oktoba.

Rosaire aliisoma akaona sawa tu. Mama mdogo Imelda ndiye aliyevua miwani. "Mei hadi Oktoba," akasema. "Na theluji?"

Odette alikuwa tayari amefunika uso kwa mikono.

Oktoba aliandika barua tatu. Hazikujibiwa. Mwanasheria tuliyepelekwa kwake alizisoma karatasi zote mbili akasema zimeandikwa vizuri sana. Tarehe thelathini na moja Oktoba Odette na Mama mdogo walikwenda, wakaketi kwenye gari pale getini siku nzima wakiangalia mawingu. Ilinyesha mvua. Saa kumi na moja mlinzi alifunga geti kwa mnyororo, akawapungia mkono.

Theluji imeshika Jumamosi hii iliyopita, Mama.

Odette alitupigia simu, mmoja baada ya mwingine. "Imeshika! Njooni." Na safari hii tulikuja. Rosaire aliliacha lile gari katikati ya njia ya kanisani na watu wakamtukana. Mkewe Lorraine alikuja, wajukuu wote wanne walikuja, hakuna aliyetaja mtihani. Odette alipika supu ya mahindi kwenye chungu chako. Tulijaa sebuleni kwako mpaka wengine wakakaa chini. Halafu tukatazamana.

Makumbusho yamefungwa. Tukasema basi, si sisi wanawe? Tutajisimulia. Tukachagua ile rahisi, ya Azban alivyoazima usingizi wa Dubu.

Rosaire akaanza vizuri. Azban anaona wivu kwamba Dubu analala baridi yote bila kusikia njaa. Anamwendea, anabembeleza, amwazime usingizi wake siku moja tu. Odette akapokea: Dubu akautia usingizi ndani ya kikapu chenye kifuniko, akamwambia asikifungulie ndani ya nyumba, na Azban kwa kiherehere chake akakifungulia ndani. Akaanguka akalala. Mama mdogo Imelda, ambaye alipelekwa kwa masista akiwa na miaka sita na hadithi hizi alizisikia kwako ukubwani, nusu akisinzia, akapokea naye: sasa Dubu yuko macho katikati ya baridi, ana njaa, anazunguka kijijini anabisha milango ya watu. Watu wakaenda kumwamsha Azban ili usingizi urudishwe. Wakapiga ngoma. Wakamchoma mkia kwa kijinga cha moto. Haamki.

"Halafu?" akauliza Lorraine.

"Kulikuwa na kunguru," akasema Rosaire.

"Kunguru ni wa ile nyingine."

"Basi mwanamke mzee. Si kulikuwa na mwanamke mzee, alimnong'oneza kitu sikioni?"

"Alimnong'oneza nini?"

"Labda njaa ndiyo iliyomwamsha," akasema Odette. "Labda aliota chakula."

"Usibuni!" Mama mdogo akamkatiza. "Dada yangu hakubuni. Kama hujui sema hujui."

"Sijui," akasema Odette. "Sijui, Mama mdogo. Nilikuwa naye hatua kumi miezi mitatu, na sijui."

Tulikaa pale mpaka supu ikapoa. Tulipeana zamu, kila mmoja akajaribu alichonacho, na kila mmoja akaishia pale pale kwenye mkia na kijinga. Wajukuu walingoja, wakachoka, wakavaa makoti. Mpaka tunaandika haya Azban amelala, Dubu yuko nje anabisha, na katika ukoo wako wote hakuna anayejua alivyoamshwa.

Unakumbukwa na wanao Odette na Rosaire, mkwe wako Lorraine, wajukuu wako Maurice, Thérèse, Noëlla na Blaise, mdogo wako Imelda, ndugu wa Odanak, na paka wako, ambaye alizisikia zote.

Hutatutoka moyoni maisha yetu yote, Mama. Hadithi ndizo zimetutoka.